Wimbo, kitabu au filamu uliyopewa na mtu ikakuteka: tupeane uzoefu

Binti Nsambya
Habari zenu wapendwa. Jana kwenye taksi (matatu) ya Ggaba, hapa Kampala, dereva aliweka NANA ya Joshua Baraka, ule wimbo wa 2023. Mama mmoja wa makamo, kikapu cha matooke miguuni, akamwomba aurudie. Akatuambia bintiye alimpigia huo kwenye simu usiku wa kuamkia safari ya Dubai, kwenda kufanya kazi za ndani, na tangu siku hiyo akiusikia popote lazima ausikilize hadi mwisho. Taksi nzima ilinyamaza. Nimelala nikiwaza kwamba karibu kila ninachokipenda kuna mtu alinipa. Ninyi siku hizi mmepewa nini, na nani? Msiniandikie majina matupu, nipeni kisa.

Mpangaji wa Bwaise
Mimi riwaya ya Kintu, ya Jennifer Makumbi. Ilitoka 2014 lakini nimeimaliza wiki tatu zilizopita. Jirani yangu muuza chapati alinipa akasema nisome mwanzo tu, nikiona haifai nirudishe. Nafungua nakuta Bwaise, Januari 2004, mtu anachukuliwa kwake asubuhi, anaitwa mwizi njiani, umati unamuua. Banange, nilikifunga. Nikiwa na miaka kumi na moja niliona jambo la namna hiyo ng'ambo ya mtaro wetu. Nyumbani hakuna aliyelitaja, si siku ile wala baadaye. Jioni nikakifungua tena, kikanirudisha nyuma hadi 1750, Buddu kule Buganda, kwenye laana ilikoanzia. Nilipomaliza nilimpigia kaka yangu tukaongea habari ya yule mtu kwa mara ya kwanza. Ukikisoma, andika majina kwenye karatasi, ukoo ni mkubwa.

Mnubi wa Bombo
Kweli kabisa. Majina yalinishinda mara mbili, ya tatu nikafika.

Fundi Simu Arua
Vitabu nawaachia. Mimi filamu, na lazima iwe na VJ, yule anayetafsiri na kusimulia filamu ikiendelea. Nilikulia kwenye vibanda vya video, benchi za mbao, turubai jeusi dirishani, VJ anatafsiri, anataja watu wa mtaani kwetu, anaonya jambazi yuko nyuma ya mlango. Mwezi uliopita rafiki aliniwekea kwenye fleshi Who Killed Captain Alex?, ile ya 2010 ya Wakaliga, mtaa wa Kampala. Nilikuwa nimeisikia tu. Watu walijitengenezea bunduki za mbao na vyuma chakavu, wakapiga picha mtaani kwao, na sauti ya VJ imo ndani ya filamu yenyewe. Nimeirudia mara nne.

Mwalimu Tororo
Ndugu Fundi, kwa heshima, VJ anaua filamu. Kuna ukimya ambao mtengenezaji aliuweka kwa makusudi, yeye anaujaza maneno. Wanafunzi wangu hawawezi tena kutazama dakika mbili bila mtu kuwaelezea.

Fundi Simu Arua
Mwalimu, bibi yangu hakusoma Kiingereza. Bila VJ angekufa hajawahi kuelewa filamu hata moja. Ukimya huo ni wa nani?

Mwalimu Tororo
Basi VJ afundishwe kuandika tafsiri chini ya picha, bibi asome.

Fundi Simu Arua
Nimesema hakusoma!

Dereva wa Malaba
Samahani nawakatiza. Hili la kupewa kitabu limeniamsha, na sijawahi kuliandika.

Mei 2020 nilikuwa nimepakia ngano kutoka Mombasa. Mnakumbuka foleni ile ya Malaba, malori kilomita na kilomita upande wa Kenya, tunangoja majibu ya korona. Uganda ilikuwa inaruhusu mtu mmoja tu kwa gari, kwa hiyo sikuwa na tanboi, msaidizi wangu wa gari. Siku ya nne dada akapiga: Mama amefariki, Masaka. Mazishi kesho yake saa nane mchana. Niliyasikiliza kwenye simu, nimelaza kichwa juu ya usukani. Mtandao ukakatika kabla hawajamteremsha.

Mbele yangu alikuwa mzee mmoja Mtanzania. Aliniona nimekaa chini kando ya tairi. Hakuniuliza kitu. Alirudi na kitabu kisicho na jalada, akakiweka kwenye ngazi ya gari langu, akasogea mbali, akaniambia, "Mwanangu, soma kwa sauti, utapumua." Kilikuwa Wimbo wa Lawino, shairi refu la Okot p'Bitek, ile tafsiri ya Kiswahili ya Paul Sozigwa.

Nilisoma usiku kucha kwa tochi. Yule mwanamke anamlilia mume anayedharau mapishi yake, ngoma zake, watu wa kwao. Nikafika kwenye boga la boma la zamani, kwamba lising'olewe. Hapo nikashindwa.

Desemba kabla ya hapo Mama alikuja kwangu Kampala bila kuniambia, na maboga mawili ndani ya gunia. Nilikuwa na wageni, wakubwa wa kampuni. Akatandika mkeka sebuleni, akaketi. Nilimwinamia nikamwambia aende akae jikoni. Aliinuka akaenda. Asubuhi akaondoka na basi la kwanza. Sikumwona tena.

Binti Nsambya
Pole sana, kaka. Nalia hapa kazini.

Mnubi wa Bombo
Mungu amrehemu. Nenda kaburini ukamwambie kwa sauti, mama anasikia.

Mpangaji wa Bwaise
Na kitabu kiweke kando mwaka mzima. Ukiwa na msiba usisome vitu kama hivyo, vinachimba.

Mnubi wa Bombo
Hapana, asome! Amenyamaza miaka yote hii.

Mwalimu Tororo
Asome ule wa Kiingereza wa 1966. Okot p'Bitek aliutafsiri mwenyewe.

Mtoto wa Gulu
Mwalimu, kwetu Okot aliimba kwa Kiacholi kwanza, Wer pa Lawino. Nyanya yangu anajua sehemu kubwa kwa moyo. Kiingereza kinasomwa, Kiacholi kinaimbwa.

Fundi Simu Arua
Kwa hiyo hata nyanya yako ni VJ.

Mzee wa Jinja
Mimi nilikuja kuwaambia vijana msikilize Afrigo, bendi iko jukwaani tangu 1975. Nitarudi siku nyingine. Dereva, pole mwanangu. Kile kitabu ulimrudishia mzee?

Dereva wa Malaba
Hapana, mzee wangu. Majibu yake yalitoka alfajiri, nilipoamka lori lake halipo. Kiko kwenye dashibodi mpaka leo, nimekifunga kwa gazeti. Kila nikipita Malaba natazama namba za malori ya Tanzania.

Mtoto wa Gulu
Kaka, Jumapili nakwenda kwa nyanya. Nimrekodi nikutumie?

Dereva wa Malaba
Mrekodi. Hata kama sielewi Kiacholi. Asiruke pale pa boga.