Re: Wageni wanataka kuiona ile Cube ya McLaren Vale

Kutoka: dada wa Salisbury

Habari zenu wapendwa. Shemeji yangu anakuja na mkewe na mama mkwe kutoka Melbourne, kwa gari. Wameona picha za lile jengo la vioo lililosimama katikati ya mizabibu kule McLaren Vale, eneo la mashamba ya mvinyo kusini mwa Adelaide, sasa hawataki kusikia habari za kwingine. Mama mkwe huyo hanywi kabisa, na mimi leseni yangu bado ni ya P, ile ya muda ya dereva mpya. Je, ni mahali pa kumpeleka mtu mzima asiyegusa mvinyo? Na tukienda, nani aendeshe?

Kutoka: kaka wa Morphett Vale

Dada, mpeleke mama bila wasiwasi. Wageni niliowapeleka kule, wanaolikumbuka zaidi ni wale wasiokunywa, kwa sababu walipata muda wa kulitazama jengo lenyewe.

Linaitwa d'Arenberg Cube, yaani mchemraba wa d'Arenberg, kampuni ya mvinyo. Lina ghorofa tano, lilifunguliwa Desemba 2017, na lilimeza dola milioni 15 hivi za Australia. Mwenye wazo ni Chester Osborn, mtengenezaji mkuu wa mvinyo pale, kizazi cha nne cha familia iliyonunua shamba hilo mwaka 1912. Wazo lilimjia 2003 kutokana na ule mchemraba wa Rubik, fumbo la kuzungusha pande mpaka rangi zipangike. Kwake yeye, kutengeneza mvinyo ni kufumbua fumbo: ukigusa upande mmoja, pande nyingine nazo zinabadilika. Ndiyo maana ghorofa mbili za juu zimepindishwa, kana kwamba mtu alikuwa akiuzungusha mchemraba akaitwa kabla hajamaliza. Mkifika msikimbilie mlangoni. Lizungukeni lote kwanza, maana kila pembe inawapa umbo jingine.

Chini kuna makumbusho, Alternate Realities Museum, na humo ndimo mama atakapofurahi. Kuna chumba cha harufu chenye mitungi ya maua na matunda. Unabonyeza honi ya baiskeli, harufu inakujia puani. Lengo ni kumfundisha mgeni yale ambayo waonjaji huyatafuta ndani ya glasi. Pua haihitaji pombe, kwa hiyo hapo mama anaweza kuwashinda wote.

Chumba cha kuonjea kiko juu kabisa, kioo pande zote. Unaona mizabibu, vilima vya Willunga, na upande wa magharibi Ghuba ya St Vincent. Wanaoonja waulize majina ya mvinyo, yana historia. Footbolt ni jina la farasi: Joseph Osborn, aliyeanzisha yote haya, aliuza farasi wake wa mbio ili anunue shamba. Dead Arm, yaani mkono uliokufa, limetokana na ugonjwa wa mzabibu unaoua mkono mmoja wa mti polepole. Mkono unaobaki huzaa zabibu chache, lakini zenye ladha nzito. Na ndani ya shughuli hii yenye jengo la ajabu namna ile, zabibu nyekundu bado zinakanyagwa kwa miguu na kukamuliwa kwa mashinikizo ya kizamani ya kikapu. Mimi jambo hilo linanigusa kuliko vioo vyote.

Kuhusu kuendesha: mwenye leseni kamili kikomo chake cha pombe kwenye damu ni asilimia 0.05, lakini wewe wa P ni sifuri. Sifuri maana yake hata tone usionje. Kama wewe ndiye dereva, basi wewe na mama mmeshapata kazi ya siku hiyo, wengine waonje kwa amani. Wanaoonja pia si lazima wameze. Kuna chombo cha kutemea na hakuna anayeona ni utovu wa adabu. Ila shemeji asidhani kwamba akitema anaweza kushika usukani bila kufikiri. Kidogo kinaingia tu.

Treni ya kutoka Adelaide inaishia Seaford, kutoka hapo ni basi. Kwa mama mtu mzima, gari ni afadhali. Tiketi nunueni mtandaoni kabla, na msome vizuri inajumuisha nini, makumbusho peke yake au na kuonja.

Kutoka: mama wa Murray Bridge

Mwanangu, naongezea mawili kwa sababu wageni wako wanatoka jimbo la Victoria. Kwanza, waambie wasibebe matunda garini. Jimbo letu la South Australia linazuia matunda kuvuka mpaka kwa ajili ya nzi wa matunda, na faini ipo.

Pili, viatu. Kuna mdudu mdogo anaitwa filoksera, anayekula mizizi ya mzabibu, na shamba likishapata halina dawa. South Australia hatujawahi kumpata, ila huko Victoria yupo, hata Yarra Valley ambako watu wa Melbourne hupenda kutembea. Kama walipita mashamba ya kule, wasafishe viatu udongo wote utoke kabla hawajaondoka nyumbani. Na wakifika McLaren Vale wasiingie kati ya mistari ya mizabibu kupiga picha, hata kama hakuna anayewaona. Ile mizabibu mingine ina umri kuliko sisi sote humu. Picha zipigiwe njiani, jengo linaonekana vizuri tu.

Kutoka: dada wa Salisbury

Asante kaka, shikamoo mama na asante sana. Nitaendesha mimi. Ujumbe wa viatu na matunda nimeshamtumia shemeji, amejibu kwamba Yarra Valley walikuwa Pasaka na buti bado zina tope. Anaziosha leo.