Kadi ya rafiki imeisha muda, na Jumamosi tunakwenda Kyoto kuona maua ya sakura

Mama Wawili, Saitama. Jumanne, Aprili 1, 2025
Habari zenu nyote. Naomba msaada wa haraka. Rafiki yangu tuliyekua pamoja Tanga anakuja kutoka Gunma, na Ijumaa usiku tunapanda basi kwenda Kyoto, turudi Jumapili. Miaka sita tuko Japani wote wawili, na kila mwaka sakura zinapukutika yeye yuko zamu kiwandani. Safari hii kapewa likizo.

Sasa, zairyu yake, kadi ya ukaazi, iliisha Machi 24. Koshin, maombi ya kuongeza muda, alipeleka Februari, na nyuma ya kadi kuna muhuri kwamba maombi yapo. Katikati ya Machi akahama nyumba. Anwani alibadilisha ndani ya siku 14 kama inavyotakiwa, lakini hagaki, ile postikadi ya kumwita kuchukua kadi mpya, inaelekea ilikwenda kule alikotoka. Leo kashika namba dirishani uhamiaji saa tatu asubuhi, kaitwa saa nane mchana, kaambiwa bila hagaki haiwezekani. Kuna aliyewahi kuchukua kadi bila hagaki? Aende na karatasi gani?

Mzee wa Nagoya. Jumanne
Dada, kwanza asisafiri. Kutembea na kadi iliyoisha ni kujitafutia balaa. Mwaka 2016 nilitoka kununua mkate tu, kadi nimeiacha mezani. Polisi wawili wakanisimamisha, wakanisindikiza mpaka nyumbani nikaichukue, majirani wanatazama. Faini ya kutobeba kadi inafika yen 200,000. Na ajiandae na inshi, stempu ya kulipia ada, ya yen 6,000, bei imepanda leo hii.

Mwanafunzi, Tsukuba. Jumanne
Shikamoo mzee. Samahani, lakini hapo lazima nisahihishe, maana watu watasoma waogope bure. Aliyeomba kabla kadi haijaisha anaruhusiwa kukaa mpaka jibu litoke, au mpaka miezi miwili baada ya tarehe ya kadi, litakalotangulia. Kwa hiyo ana hadi Mei 24. Na inshi kwake ni 4,000 ya zamani, kwa sababu fomu zilipokelewa kabla ya leo.

Mzee wa Nagoya. Jumanne
Marahaba. Sheria hiyo naijua, kijana, niko hapa tangu 1998. Ninachosema ni kwamba anayekusimamisha barabarani anatazama tarehe ya mbele. Muhuri uko nyuma.

Dada wa Yokohama. Jumatano
Jamani, na hoteli je? Mwaka juzi mimi na mdogo wangu tulifika mapokezi usiku, mhudumu akang'ang'ania pasipoti, nasi zetu tumeziacha nyumbani. Sheria inamtaka pasipoti mgeni asiye na anwani Japani. Sisi wakazi tunaandika anwani, basi. Ilibidi nimwonyeshe ukurasa wa serikali kwenye simu, mtoto wa watu amesimama na mabegi. Msikubali kunyanyaswa.

Kuhusu foleni, wiki hizi ndizo mbaya kuliko zote. Mwaka wa shule na wa kazi unaanza Aprili 1, nchi nzima inahama, na sakura nazo zinachanua papo hapo. Kyoto nendeni Tetsugaku no Michi, ile njia ya kando ya mfereji, kabla ya saa moja asubuhi, baadaye hapapitiki. Usiku mwende bustani ya Maruyama, kuna mti mmoja mkubwa matawi yameinama kama nywele zilizofumuliwa, wanaumulika taa. Bebeni mkeka. Mwaka wangu wa kwanza nilipoona watu bustani ya Ueno, Tokyo, wamevua viatu, wamevipanga pembeni, wanakula wamekaa chini, nilikumbuka barazani kwa bibi yangu Pangani nikalia.

Mkenya wa Chiba. Jumatano
Huko kwetu Nairobi ni jacaranda, Oktoba, barabara zinakuwa zambarau. Lakini niseme ukweli: tungekuwa na pasipoti za hapa, haya yote yangeisha. Sisi katiba ya 2010 inaruhusu uraia pacha. Ninyi Watanzania mnangoja nini?

Mwanafunzi, Tsukuba. Jumatano
Hata Japani yenyewe hairuhusu. Ukichukua uraia wa hapa unatakiwa uache wa kwenu, uwe Mkenya au Mtanzania.

Mzee wa Nagoya. Jumatano
Tena sisi tumenyimwa kwetu na huku pia. Nimezika baba kwa simu nikisubiri karatasi kama hizo. Hilo ndilo la kuwauliza wabunge wakija hapa kupiga picha.

Mama Wawili, Saitama. Jumapili usiku, Aprili 6
Tumo ndani ya basi, tunarudi. Asanteni, tulikwenda. Alibeba kadi, risiti ya maombi na juminhyo, cheti cha makazi, cha anwani mpya, na hakuna aliyetusimamisha. Hotelini tuliandika anwani tu.

Tulikula maandazi ya iliki kando ya mfereji, petali zinaangukia kwenye chai, nyeupe kabisa, ncha yake imechanika kidogo katikati. Rafiki yangu alikusanya chache akazifunga kwenye pindo la kanga, kama hela ya sokoni. Saa hizi amelala, fundo kalishika mkononi.

Kesho saa tatu anarudi dirishani. Hagaki bado haijaonekana. Aliyewahi kuchukua kadi bila hagaki, tafadhali aniandikie usiku huu.