Mrejesho: mama na rangi ya mdomo

Wapendwa, niliwauliza namna ya kumsaidia mama yangu, anayetetemeka mikono, apake rangi ya mdomo mwenyewe. Aksanti sana. Mlinitajia HAPTA, kifaa ambacho L'Oréal, kampuni ya vipodozi, ilikionyesha Las Vegas Januari 2023: kinahisi mtetemo wa mkono na kuusawazisha, kwa teknolojia iliyoanzia kwenye vijiko vya Liftware, vinavyowasaidia wanaotetemeka mikono kula. Huku Bukavu sijakiona. Basi nilinunua sponji soko la Kadutu, nikaizungushia kwenye kishikio cha brashi mpaka kikawa kinene, nikaifunga kwa mpira. Viwiko anaviegemeza mezani. Hilo ndilo lililosaidia kuliko yote. Wanja bado unamshinda, huo namchora mimi. Lakini Jumapili, kabla ya misa, alijipaka midomo mwenyewe akaniita nimtazame. Nililia, jamani.