Mifumo ya umma: seva ziwe nyumbani au kwenye wingu la nje?

Mleta mada, Dar es Salaam

Wakuu, hospitali ya wilaya au mamlaka ya maji inapoamua kuuhamisha mfumo wake kutoka kwenye kompyuta iliyo chini ya meza ya mhasibu, mashine pepe (kompyuta ya kukodi ndani ya seva kubwa) iwekwe wapi? Cape Town, Ulaya, au kituo cha data cha hapa hapa Tanzania? Mimi nasema nyumbani. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya intaneti ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika kwa mpigo, na mifumo iliyokaa ng'ambo ikawa mizito au haifikiki kabisa. Mgonjwa aliye Temeke hapaswi kukosa faili lake kwa sababu ya waya uliokatika baharini.

Msimamizi wa seva, Arusha

Ndugu, napinga. Mashine kuwa nyumbani, tuseme kwenye kituo cha data cha Kijitonyama, Dar es Salaam, peke yake hakutoshi. Kikoa (jina la tovuti) kikiwa na seva za majina, zile zinazogeuza jina kuwa anwani ya mashine, nje ya nchi tu, siku mkongo ukikatika jina halitapatikana, hata kama njia ya ndani kupitia TIX, kituo cha kubadilishana intaneti nchini, ni nzima. Ukurasa wa kuingilia ukivuta fonti na skripti kutoka ng'ambo, utaganda ukiwa mweupe. Namba ya uthibitisho ikitumwa na kampuni ya nje, haifiki. Mnaotaka nyumbani, fanyeni jaribio hili: kwenye ruta ya majaribio fungeni njia zote za nje, acheni za ndani tu, kisha karani aingie na kumwandikisha mgonjwa mmoja mpaka mwisho. Mifumo mingi itafia kwenye hatua ya kwanza.

Na wingu la nje lina faida ambazo hatuwezi kuzifumbia macho. AWS (wingu la Amazon) ya Cape Town, iliyofunguliwa 2020, ina kanda tatu za vituo vya data zilizotenganishwa. Kanda moja ikizimika, unaendelea kwenye nyingine, mradi uliupanga mfumo hivyo tangu mwanzo.

Mtaalamu wa usalama, Dodoma

Popote mtakapoiweka, mashine itavamiwa kwa mambo yale yale. Mawili nayaona yanapuuzwa sana.

La kwanza ni SSH, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali. Mtu anaandika `PasswordAuthentication no` kwenye `sshd_config`, anawasha upya huduma, anaamini nywila zimefungwa. Kwenye mfumo endeshi wa Ubuntu faili hilo husoma kwanza folda ya `sshd_config.d`, na humo mara nyingi kuna `50-cloud-init.conf` yenye `yes`. SSH hushika thamani ya kwanza inayokutana nayo, kwa hiyo mlango bado uko wazi. Hakikisha kwa `sudo sshd -T | grep passwordauthentication`, na usifunge dirisha ulilomo kabla hujaingia upya kwa ufunguo kwenye dirisha la pili.

La pili ni Docker, chombo cha kuendesha programu ndani ya makasha. Ukiitangaza poti 5432 (mlango wa hifadhidata ya PostgreSQL), Docker huandika kanuni zake zenyewe na kuipita `ufw`, ukuta wa moto wa Ubuntu. Utaona `ufw status` inasema imefungwa huku hifadhidata inaonekana dunia nzima. Andika `127.0.0.1:5432:5432`, ili ifikike kutoka ndani ya mashine hiyo tu.

Mkaguzi wa TEHAMA, Mwanza

Bajeti yetu ni ya shilingi na ankara inakuja kwa dola. Cape Town ni ghali kuliko Ireland. Anwani moja ya umma ya intaneti (IPv4) kwenye AWS ni dola 0.005 kwa saa, yaani kama dola 3.6 kwa mwezi, na mashine ikizimwa diski inaendelea kulipiwa. Angalieni pia mashine ndogo za AWS ziitwazo t3: huja na hali ya kutumia CPU bila kikomo, kwa hiyo programu iliyokwama haipunguzi mwendo, inaongeza deni.

Mshauri wa sheria, Nairobi

Kwetu Kenya, kanuni za ulinzi wa taarifa za 2021 zinataka taarifa za aina fulani, zikiwemo za usajili wa raia na uchaguzi, zichakatwe kwenye seva zilizo nchini au angalau nakala moja inayotumika iwe nchini. Tanzania nayo, kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, imeweka masharti ya kusafirisha taarifa nje. Hospitali iyasome kabla ya kuchagua mashine.

Mleta mada

Hoja ya seva za majina naikubali kabisa, iingie kwenye zabuni. Bado nashikilia: mashine kuu nyumbani, nakala rudufu iliyosimbwa (iliyofungwa kwa ufunguo wa siri) iende nje kila usiku.

Msimamizi wa seva, Arusha

Hapo tunakaribiana, kaka, lakini ichunguzeni hiyo nakala. Amri ya `pg_dump | gzip` (ya kwanza hunakili hifadhidata, ya pili huibana) kwenye kroni, kipanga ratiba cha seva, hurudisha jibu la `gzip` tu. `pg_dump` ikikwama katikati, faili la `.gz` linabaki pale, kroni haioni kosa, na hakuna anayejua. Wekeni `set -o pipefail` kwenye skripti ya bash ili kosa la `pg_dump` lionekane, kisha kila mwezi rejesheni nakala kwenye mashine tupu na mhesabu safu mlalo za jedwali la wagonjwa. Halafu mtujibu: ufunguo wa kusimbua atakaa nao nani, na akihamishwa kituo cha kazi anamkabidhi nani?