Mashua ya futi 21: niifunge Tudor, Mtwapa au Nyali ndani ya mwamba?

mkazi_wa_kisauni
Asalaam aleikum jamaa. Nimenunua mashua ya futi 21, naichukua Jumamosi ya wiki ijayo inshallah. Aliyeniuzia ataka nafasi yake iwe wazi siku hiyo hiyo, kwa hivyo sina muda. Nimeonyeshwa pahali patatu. Kwanza Tudor, ndani kupita daraja la Nyali. Pili Mtwapa, kabla ya kufika darajani ukitokea baharini. Tatu Nyali, baina ya ufuo na mwamba. Maji yetu haya ya Mombasa hujaa na kupwa sana, nami sijawahi kuacha chombo majini usiku. Ni wapi bora?

Baharia wa Kilindini
Wa aleikum salaam, na hongera kwa chombo. Lakini ndugu, umeulizia kanzu bila kutuonyesha mvaaji. Mashua ni ya mbao au ya faiba? Ina mkuku, ule mti mrefu wa chini, au chini ni bapa? Yala maji futi ngapi, yaani yazama kina gani? Wavua au wabeba watu? Wewe waishi wapi? Bila hayo kila mtu atakutajia pale anapofunga yeye.

Moja halingoji majibu yako. Bamvua, siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hapa maji hupanda na kushuka mita tatu na zaidi, na maji mafu, siku za nusu mwezi, ni kama mita moja tu. Ukienda kutazama pahali siku za maji mafu utadanganyika, utaona bahari imetulia na kila kitu kimefunikwa. Nenda bamvua, saa nne au saa tano asubuhi, ndipo yamepwa kabisa. Uone kilicho chini kwa macho yako.

bintiNyali
Nyali. Mwamba wapokea mawimbi, huku ndani mwabaki maji ya kuogea watoto. Mwaka wa kumi na moja huu mashua yangu yafungwa karibu na Mkomani. Maji yakipwa naiendea kwa miguu, nasugua chini, nabandua chaza, nakagua kamba, narudi nyumbani kupika. Watu wa BMU, kikundi cha kusimamia ufuo, wanijua. Ila uliza maofisa wa KWS, shirika la wanyamapori, kabla ya kuweka chochote chini, kwa sababu hifadhi ya bahari ya tangu 1986 iko hapo hapo mbele yetu, na matumbawe yakishavunjwa na nanga hayarudi upesi.

Mtu wa Timbwani
Dadangu, nakuheshimu, lakini habari ya kuacha chombo kikauke ndani ya mwamba siwezi kuinyamazia.

Nilikuwa na mashua ya mbao, babangu ndiye aliyeiundisha. Niliitia ndani ya mwamba vile vile usemavyo, baura moja, yaani nanga ya kucha, na kamba ndefu. Nilifunga siku ya maji mafu. Siku nne, tano, salama. Ikaja bamvua. Maji yalipopwa kamba ikalegea yote, mashua ikazungushwa na upepo, ikaenda kukaa juu ya baura yake yenyewe. Ukucha mmoja wa baura ulikuwa umeelekea juu. Maji yalivyozidi kutoka uzito wote ukashukia pale, na ubao wa tatu kutoka mkukuni ukatoboka. Hakuna aliyeshtuka, kwa sababu mashua iliyopwelewa na kulala ubavu ni kitu cha kila siku ufuoni. Mimi niko kazini Changamwe.

Maji yalipoanza kujaa yaliingia kwa tundu ile kabla hayajaweza kuiinua. Nafika saa kumi alasiri, bahari imejaa, naona ncha ya mlingoti tu na mtungi wa petroli waelea kando. Hapakuwa na la kufanya ila kungoja. Tulikaa mchangani watu sita, na ndoo na tochi, hadi saa nne usiku maji yalipopwa tena. Ubao ulirekebishwa. Injini ilikuwa imelala kwenye chumvi saa nane au tisa, haikuwaka tena mpaka leo. Babangu alikuja asubuhi, akaizunguka, akaupapasa ule ubao kwa mkono, akaenda zake bila kusema neno. Hilo liliniuma kuliko pesa.

Kwa hivyo ukichagua Nyali usitumie baura. Weka jiwe la zege lililozama mchangani, au funga kuwili, omo na tezi, yaani mbele na nyuma, chombo kisizunguke.

bintiNyali
Pole sana kaka. Lakini hapo kosa ni la baura, si la Nyali. Mimi niko na jiwe tangu mwanzo, na nafunga kuwili.

Baharia wa Kilindini
Jiwe ni sawa, ila watu hukosea hesabu. Zege likiingia majini hupungua kama sehemu mbili kwa tano ya uzito wake. Jiwe la kilo 500 huko chini ni kama kilo 290 tu. Bamvua, mashua ikivuta juu na wimbi likisukuma, jiwe la kilo 150 lahama nayo. Chuma hakipungui hivyo, ndiyo maana wengi hutumia bloku ya injini ya lori.

Mzawa wa Mji wa Kale
Bloku ya injini hapana. Ile yaingia majini na oili yake, na samaki wa hapo ndio tunaowala. Mmoja aliitupa karibu na tunapooshea nyavu, maji yakapiga rangi wiki mbili.

Baharia wa Kilindini
Shekhe, bloku husafishwa kwanza. Hakuna aliyesema itupwe chafu.

Mzawa wa Mji wa Kale
Yasemwa husafishwa. Niliyoiona haikusafishwa. Zege likitengenezwa pana na chini likawa na shimo kama sahani, tope hulinyonya likashika kuliko uzito wake. Tuyaache hayo, mwenye swali bado hajajibu.

mkazi_wa_kisauni
Niwieni radhi, nilikuwa kazini. Ni ya mbao, ina mkuku, yala maji futi mbili na nusu. Injini ya nje, nguvu 15. Mimi na ndugu yangu twavua mshipi Jumamosi na Jumapili, alfajiri. Katikati ya wiki hatuigusi. Naishi Kisauni, na pesa ya mlinzi sina kwa sasa.

Baharia wa Kilindini
Sasa tunaongea. Mbao, mkuku, na siku tano bila mtu. Hayo yabadilisha kila kitu. Mashua yenye mkuku ikipwelewa hulala ubavu kila maji yakitoka, mara mbili kwa siku, na maungio yafunguka kidogo kidogo. Nyali ungehitaji magadi, miti ya kuiegemeza, na nani atayaweka Jumatano?

Tena hesabu alfajiri zako. Maji huchelewa karibu dakika 50 kila siku. Kuna Jumamosi utaikuta yaelea, na Jumamosi nyingine iko kavu, na mpaka ielee samaki wameshakula.

Mzawa wa Mji wa Kale
Ndiyo maana nasema Tudor. Chini ni tope, nanga yashika, na hata bamvua utabaki na kina ukichagua vizuri. Usikae pale shingoni, baina ya Mji wa Kale na upande wa Nyali, mkondo wa pale si wa mashua ndogo. Ingia ndani panapopanuka. Na ujue maji ya kupwa yana nguvu kuliko ya kujaa, kwa sababu mikoko ya ndani huyashika kwanza kisha huyaachia. Chombo kitavutwa zaidi kikielekea baharini, upande huo ndio wa kuwekea mnyororo mzuri.

Urefu wa kamba: ikiwa pana mita mbili maji yakipwa, yakijaa bamvua ni tano na nusu, ongeza nusu mita ya kufika omo. Hizo sita ndizo unazozidisha, si zile mbili. Mara tatu ikiwa ni mnyororo mzito, mara tano au zaidi ikiwa ni kamba. Halafu tazama majirani, wasiwe ndani ya duara lako. Na pale kamba inapogusa mbao ivike kipande cha mpira wa bomba.

Kabla ya yote nenda kwa BMU ya hapo, na uwaulize KPA, wenye bandari, kama pahali hapo pako ndani ya mipaka ya bandari.

Jirani wa Shimo la Tewa
Mtwapa hakuna aliyeitetea. Uvume upepo wa kusi au wa kaskazi, kule ndani maji yametulia, na wenye vyombo ni wengi, jicho la mmoja huangalia cha mwenzake. Bila mlinzi hilo ni kubwa.

Mtu wa Timbwani
Ni kweli, lakini kutoka kwenda nje wakati wa kusi na injini ya nguvu 15, maji yapwa na upepo wayapinga pale mlangoni? Mimi singempeleka ndugu yangu hapo alfajiri.

Jirani wa Shimo la Tewa
Hutoki maji yakipwa. Wangoja. Sisi twangoja.

fundi_wa_mbao
Samahani niingilie. Mashua ilikalafatiwa lini, yaani kuzibwa pamba kwenye maungio ya mbao? Nyote mwabishana pahali, na mtu aenda kuiacha mashua ya mbao majini siku tano bila wa kufua maji, kuyateka na kuyamwaga nje. Ikiwa yavuja ndoo moja kwa siku, Ijumaa atakuta ndoo tano na injini imeinama.

mkazi_wa_kisauni
Aliyeniuzia asema aliipaka deheni, ile chokaa na mafuta ya kukinga mbao, baada ya mfungo wa Ramadhani. Kalafati sikumuuliza.

fundi_wa_mbao
Muulize leo. Na deheni ya sasa wengine waweka chokaa nyingi na mafuta haba, yakauka yabanduka kama ganda la yai.

bintiNyali
Fundi, mafuta ya papa wayapata wapi siku hizi? Mimi nimeshindwa, natumia rangi ya dukani, na chaza washika baada ya miezi mitatu tu.

fundi_wa_mbao
Ya papa yamekuwa haba kweli. Mimi nachemsha mafuta ya kondoo, nachanganya na chokaa iliyochekechwa mara mbili. Njoo na ndoo yako nikuonyeshe.

mkazi_wa_kisauni
Shukrani nyote. Nyali naiacha kwa sasa. Bamvua ya mwezi mpevu nitaenda Tudor saa nne asubuhi na kipimo, kisha Mtwapa kesho yake. Mzawa, utakuwepo siku hiyo? Nataka unionyeshe pale panapopanuka.