Naomba ushauri: sashiko kwenye goti la jinzi, kitambaa kinajikunja na uzi unanyonyoka

KirakaMzee
Wakuu salaam. Jinzi ni ya mtumba, nzito, haivutiki. Goti la kulia lina tundu la kama sm 4. Kiraka ni kipande cha jinzi nyingine, kimewekwa kwa ndani, na juu yake inapita mistari ya sashiko (mishono ya mkono ya Kijapani ya kuimarisha na kupamba nguo) kila nusu sentimita. Uzi ni wa kudarizi, ule wenye nyuzi sita ndani yake, sindano ni fupi ya kawaida. Shida tatu: kitambaa kinajikunja kama pazia, mishono hailingani, na uzi unatoa manyoya kabla mstari wa tatu haujaisha. Kosa liko kwenye mkono, uzi au kitambaa?

SindanoNdefu
Kote kidogo, ila kinachokuumiza zaidi ni kukaza uzi. Sashiko kwa macho ni bandi tu, lakini bandi ya fundi ni ya muda, itafumuliwa. Hii inabaki kwenye nguo, kwa hiyo uzi unalazwa, hauvutwi.

Kila ukimaliza mstari, bana mwanzo wake kwa vidole viwili, kisha kwa dole gumba la mkono mwingine sugua juu ya mishono kwenda mwisho, huku ukinyoosha kitambaa. Rudia mara mbili. Hatua hii Wajapani wanaiita itokoki, na anayeiruka ndiye anayepata pazia. Ukigeuka kuanza mstari unaofuata, acha kitanzi cha mm 3 hadi 5 kwa nyuma. Usikione kibaya. Goti likikunjwa, uzi wa ziada unatoka hapo. Kisipokuwepo, uzi unakatikia kwenye kona.

Halafu jinzi juu ya jinzi ni nene mno. Sashiko inataka sindano ibaki kwenye mstari mmoja huku mkono wa kushoto ukiinua na kushusha kitambaa, mishono mitano sita ikusanyike kwenye sindano, ndipo uvute. Kwenye unene huo unalazimika kuchoma chini, kuvuta, kuchoma juu, kuvuta. Kila mshono unapata kukazwa kwake, ndiyo maana haulingani. Toa hicho kiraka, weka pamba nyepesi. Kipande cha kanga ya pamba tupu iliyofuliwa mpaka ikalainika kinafaa sana. Hata wakulima wa kaskazini mwa Japani walikuwa wanatia viraka vya vitambaa vilivyochakaa. Zile nguo wanazoziita boro ni viraka juu ya viraka.

Mtande_na_Mshindio
Niongezee kwenye uzi. Uzi wa kudarizi umepitishwa kwenye dawa ya kuung'arisha, kwa hiyo unateleza, na zile nyuzi sita kila moja inatembea kivyake. Uzi wa sashiko ni pamba isiyong'arishwa, imesokotwa pamoja, inashika kitambaa. Usipoupata, chukua uzi wa pamba wa kufumia kwa kulabu, ule mwembamba usiong'aa.

Urefu usizidi sm 60. Piga hesabu: mshono wa mm 4 juu na mm 2 chini ni mm 6, kwa hiyo sm 60 inatoa kama mishono 90 ukitoa mabaki. Kila mshono unapita kitambaa mara mbili, maana yake sehemu iliyo karibu na sindano imekwaruzwa na denim (kitambaa cha jinzi) karibu mara 180. Ukikata mita nzima, manyoya ni lazima.

Sindano iwe ya kama sm 5, ncha kali, tundu refu. Ya gunia usiiguse, inaacha matobo. Na kastabini ya kidoleni haisaidii sana kwa sindano ndefu. Inayotakiwa inakaa kwenye kiganja, chini ya kidole cha kati. Kipande cha ngozi kilichoshonwa kwenye pete ya lastiki kinatosha.

BiKofia
Hamjamuuliza anashonaje ndani ya mguu wa suruali! Mwanangu, fumua upande. Angalia jinzi yako: mara nyingi upande wa ndani wa mguu ndio wenye mistari miwili ya cherehani iliyokunjwa, huo uache. Upande wa nje kwa kawaida umeungwa kawaida na kupigwa ovaloki. Fumua huo sm 25 hivi usawa wa goti, kitambaa kilale bapa, ukimaliza urudishe kwa cherehani. Kazi ya dakika kumi inayookoa saa tatu za kupapasa.

Kiraka kipite pale palipolika, siyo tundu tu. Inua goti kwenye mwanga wa dirisha, utaona pamba imepungua mpaka wapi, kisha ongeza sm 2.5 kila upande. Nyuzi nyeupe zilizobaki kwenye tundu usizikate, zilaze na uzishonee juu. Shikiza kiraka kwa bandi za muda kila sm 3. Na mistari isikomee yote sehemu moja: mmoja uishie hapa, wa pili uzidi nusu sentimita, wa tatu urudi. Ikikomea sawasawa, unakuwa umechora mahali pa kuchanikia.

Mliozoea kushona kofia za mkono mna macho ya kazi hii tayari, ila mkono wa kukaza mfundo uacheni nyumbani.

SindanoNdefu
Hapo kwenye mfundo niseme wazi: usifunge. Anza mishono mitatu au minne ndani ya mstari, shona kuelekea mwanzo, geuka, pita juu ya ile ile, endelea. Mwisho hivyo hivyo.

Mtande_na_Mshindio
Kwa nguo ya kuning'iniza ukutani, sawa. Kwa goti linalofuliwa kila wiki na kusuguliwa kwa mkono, mishono mitatu haitoshi, hasa uzi ukiwa wa kuteleza. Fanya mitano, au funga kifundo kidogo kati ya kiraka na jinzi, hakitagusa ngozi.

SindanoNdefu
Mitano nakubali. Kifundo hapana.

KirakaMzee
Nimewaelewa. Maswali ya mwisho: kwenye goti niweke mistari tu au ile nyota ya asanoha? Kogin je, inawezekana? Na uzi kiasi gani kwa kiraka cha sm 12 kwa 10?

Mtande_na_Mshindio
Kogin ya Tsugaru, kaskazini mwa Japani, sahau. Inashonwa kwa kuhesabu nyuzi za kitambaa, 1, 3, 5, 7, kwenye ufumaji wa wazi. Denim imefumwa kimshazari na imebanana, huna cha kuhesabu.

Asanoha ni jani la mbangi (msicheke, katani yake ndiyo iliyovaliwa kule ambako pamba haikustawi). Inawezekana, ila pale mistari mingi inapokutana usivushe uzi katikati. Acha nafasi ndogo tupu, la sivyo unapata kinundu kitakachosuguliwa na kukatika. Kwa goti ningebaki na misalaba, juujizashi: mistari ya wima kwanza yote, kisha ya mlalo.

Uzi: mistari 21 ya sm 12 ni mita 2.5, ongeza asilimia 20 ya unene na vitanzi, mita 3, pamoja na mabaki kata mita 4. Misalaba ni mara mbili, mita 8.

Jinzi ikiwa ya kuvutika (yako siyo, nasema kwa wengine), lastiki iko kwenye mshindio, yaani nyuzi zinazopita kwa upana, kwa hiyo inavutika kwa upana. Shona mistari ya wima tu. Ya mlalo itakatika siku ya kwanza ukichuchumaa.

BiKofia
Kabla ya yote, fua jinzi na kiraka, vyote viwili, visinyae sasa siyo baadaye. Suuza mpaka maji yaache kutoa nili. Nili inakaa juu ya uzi, haizami, ndiyo maana uzi mweupe unageuka bluu mikononi. Siki na chumvi havizuii. Chora kwa kipande cha sabuni kikavu kilichochongwa, kinatoka chenyewe ukifua. Fua ya kwanza iwe maji baridi, jinzi imegeuzwa ndani nje, bila brashi kwenye goti.

KirakaMzee
Kiraka kimeshafumuliwa. Kanga inalowekwa.