Naomba ushauri: saa ya kompyuta inarudi nyuma masaa matatu kila nikitoka Linux

Habari zenu wakuu. Nina laptop yenye Windows 10, na wiki mbili zilizopita niliweka Linux Mint (mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta) pembeni yake, kila moja na sehemu yake kwenye diski. Zote zinawaka vizuri, tatizo ni saa. Nikitoka Mint nikawasha Windows, saa inarudi nyuma masaa matatu kamili. Leo asubuhi ilikuwa saa nne na robo, lakini pale chini kwenye kona ya kioo inasoma 07:15. Risiti za wateja wa steshenari yangu nazichapia Windows, kwa hiyo zinatoka na muda wa uongo, na hilo linaninyima amani kweli.

Nilidhani betri ya CMOS, ile ndogo inayotunza saa laptop ikiwa imezimwa, imekufa, nikanunua CR2032 mpya. Wapi! Pande zote mbili nimechagua majira ya Nairobi, UTC+3 (masaa matatu mbele ya UTC, saa ya kimataifa). Nikioanisha saa na intaneti inakaa sawa, mpaka nikiingia Mint tena.

Nilivyosoma, Mint huiweka saa ya ndani ya mashine kwa UTC, halafu Windows inaisoma kama saa ya hapa kwetu. Dawa nilizokuta ni mbili: amri ya timedatectl set-local-rtc 1 upande wa Mint, ili nayo itumie saa ya hapa kwetu, au kuongeza RealTimeIsUniversal kwenye rejista ya Windows (inamohifadhi mipangilio yake ya ndani), ili yenyewe isome UTC. Rejista sijawahi kuigusa na naiogopa, maana kazi za watu zimo kwenye Windows hiyo.

Ipi ni salama zaidi? Na nikifuata ya Mint, kuna kitu kitanisumbua baadaye? Natanguliza shukrani.